Shilingi 35,000 za Mama Kevo

Mama Kevo alibisha mlango wangu Jumapili moja jioni, Septemba 2024, mtaa mzima ukinuka vitunguu vya chakula cha usiku. Bado alikuwa na kitambaa cha kwaya mabegani. Nilimwambia karibu, akakataa kuketi.

"Wewe ndiye huchagulia watu kompyuta?"

"Huwa nasaidia, ndiyo."

"Chama kimenifikia. Nina 35,000. Nataka ile ya gemu."

Tunaishi ploti moja hapa Kayole, mimi orofa ya tatu, yeye ya pili. Kwa miaka minne tulikuwa tumesalimiana tu kwenye ngazi na kwenye foleni ya maji. Sikuwahi kudhani nitasikia neno gemu likitoka kinywani mwake. Nikamuuliza kama ana hakika, maana pesa hiyo hununua mtungi wa gesi na kitanda na chenji ikabaki. Akanitazama kama mtu anayepotezewa wakati.

"Kevo hurudi saa ngapi? Wewe huandika usiku kucha. Unamsikia."

Namsikia. Kevo alikuwa na miaka 17, Kidato cha Tatu, na kila jioni alikuwa kwenye banda la PlayStation nyuma ya steji. Mabati, runinga nne, mechi moja mbao. Ukishinda unabaki, ukishindwa unampisha mwenzako, na kuna wavulana wanaoweza kukaa pale hadi saa sita usiku bila kugusa padi, wanatazama tu. Wiki mbili kabla ya Jumapili hiyo kulikuwa na msako. Waliokuwa wakicheza walibebwa, waliokuwa wakitazama wakabebwa. Mama Kevo alishinda kutwa akitafuta mahali mwanawe alikopelekwa, na alipompata alimtoa kwa pesa ambayo hakunitajia ni ngapi.

"Afadhali achezee kwangu," alisema. "Hata akipiga kelele. Nikisikia kelele, najua yuko."

Nikamwambia sawa, nipe wiki moja. Alipoteremka nilifunga mlango nikaketi kitandani, na usiku huo sikuandika kitu. Mtu wa mwisho kuniamini na pesa kama hiyo, pesa isiyo na ndugu, aliipoteza.

*

Sikusomea kompyuta. Naandika makala za watu mtandaoni kwa malipo: matrasi bora kwa wenye maumivu ya mgongo, bima ya magari katika majimbo ya Marekani ambayo sitayaona. Kuna mwaka mteja mmoja alitaka makala za vipuri vya kompyuta, tano kila wiki, nikalazimika kusoma. Kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa najua wati za kadi za grafiki jinsi wengine wanavyojua kikosi cha Gor Mahia. Habari zikatembea, Kayole hadi Umoja hadi Donholm, kwamba kuna msee anaweza kukuandikia orodha usiibiwe mjini. Wengine hunilipa. Wengine huniitia chapati.

Kila mtu huja na swali moja: "Nikiwa na hizi, naweza kupata gani?" Zamani nilikuwa najibu hapo hapo. Siku hizi nauliza kwanza: unacheza gemu gani, utatazamia kwa nini, na ikiharibika utafanyaje? Swali la tatu huwaudhi watu. Ni kama kumuuliza bwana harusi habari za talaka. Lakini ndilo linaloamua orodha nzima, na sikulijua hadi nilipomchomea kinyozi mashine yake.

Huyu kinyozi ni wa Umoja, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Mwanzoni mwa 2023 alikuwa ameweka 45,000, akitaka mashine ya kucheza usiku na ya kuhariri video za mitindo ya nywele mchana. Wakati ulikuwa mzuri. Tarehe 15 Septemba 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilibadilisha namna yake ya kuthibitisha malipo, na kadi za grafiki zilizokuwa zikiichimba usiku na mchana duniani kote zikakosa kazi kwa siku moja. Zikamwagika sokoni, nyingine zikafika hadi Nairobi. RX 580 ya GB 8, kadi ya mwaka 2017 ambayo wakati wa uchimbaji ilikuwa haishikiki kwa bei, sasa hata kinyozi angeweza kuigusa.

Nikamwandikia orodha. Prosesa ya i5 ya kizazi cha nne na madabodi yake, RAM ya GB 16, RX 580. Kisha kasha lenye ubavu wa kioo na feni tatu za taa, kwa sababu alisema wateja wataiona. Tulipofika kwenye pawa saplai pesa ilikuwa inaisha. Nzuri ilikuwa 6,500. Kwenye kabati lilo hilo palikuwa na nyingine ya 1,800, imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa kuliko ile ya 6,500. Niliinyanyua. Ilikuwa nyepesi kama mkate.

Mkono wangu uliniambia. Pawa saplai ya kweli ina uzito kwa sababu ndani mna koili za shaba, vipande vya alumini vya kutawanya joto, na kapasita za kutosha kuushika umeme usiyumbe. Ikiwa nyepesi, kuna kitu hakimo. Lebo ni karatasi, na karatasi haikatai kuandikwa. RX 580 peke yake hula hadi wati 185 gemu likipamba moto. Yote hayo nilikuwa nimeyaandikia Wamarekani mara tano kwa wiki. Lakini ile tofauti ya 4,700 ndiyo iliyokuwa imelipia kioo na taa, na rafiki yangu alikuwa ameshaziona taa za zambarau zikizunguka. Nikasema, "Itashika."

Ilishika Jumamosi mbili. Ya tatu, watu wamejaa kwenye benchi wakingoja kunyolewa, ilitoa mlio mmoja mkavu kama njugu kwenye kikaango, kisha moshi. Ilikufa pamoja na madabodi na kadi. Alinipigia simu na hakunitukana. Alisema tu, "Si ulisema itashika?" Nilimlipa 24,000 kwa miezi minane, elfu tatu tatu, pesa ya matrasi. Siku nilipotuma ya mwisho alijibu kwa neno moja: "Imefika." Hadi leo nanyolewa kwingine.

Nimelifikiria sana kosa lile. Pawa saplai haikuongezei hata fremu moja. Haionekani kwenye kioo, hakuna anayemwita jirani aje aione. Ndiyo maana mkono ukitafuta pa kukata huenda pale kwanza, kama familia inayopunguza dawa za yule mgonjwa asiyelalamika.

*

Nilikaa karibu mwaka mzima bila kumwandikia mtu orodha. Aliyenirudisha ni binamu yangu wa Donholm. Anapokea simu za wateja zamu ya usiku, na mshahara wake huingia tarehe ile ile kila mwezi, jambo ambalo katika ukoo wetu ni la kuombewa. Alikuwa na 54,000, monita alikuwa nayo tayari, na alitaka kucheza Tekken 8, iliyotoka Januari 2024.

Tekken hupigwa kwa fremu 60 kwa sekunde, hazizidi. Mashine yako ikiwa na nguvu ya kuchora 200, ngumi itatoka kwa kasi ile ile. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kununua kasi ambayo gemu lake haliitumii. Alihitaji 60 zisizoyumba. Hapo ndipo swali la kwanza linapomwokolea mtu pesa.

Nikamwandikia awamu mbili. Ya kwanza: Ryzen 5 5600G, prosesa yenye grafiki ndani yake, 17,000. Madabodi ya B550, 13,000. RAM ya DDR4 GB 16, 6,500, vijiti viwili vya nane na si kimoja cha 16, kwa kuwa prosesa ya namna hii huchora picha kwa kutumia RAM hiyo hiyo, na vijiti viwili ni kama barabara mbili. SSD ya GB 500, 5,500. Pawa saplai ya wati 550 yenye cheti cha 80 Plus Bronze, 7,500. Kasha la bati lisilo na kioo, 4,500. Jumla 54,000. Angecheza kwa picha za kiwango cha chini kwa muda, bila aibu. Awamu ya pili, mshahara ukiruhusu: RX 6600 iliyotumika, 26,000.

Aliniuliza kwa nini anunue wati 550 kwa mashine isiyofikisha hata 200. Nikamwambia anainunulia kadi ambayo bado haijaja. RX 6600 hula wati 132, na siku ikija itakuta kitanda kimetandikwa. Akacheka, akasema naongea kama shangazi anayengoja mjukuu. Miezi mitano baadaye aliileta, tukaichomeka, ikawaka.

Hiyo ndiyo raha ya bajeti ya katikati. Ukikosea au ukipungukiwa, kuna mwezi ujao.

Kisha kuna bwana wa Buruburu. Yeye aliniita nimfungie tu, vipuri alikuwa amekwisha nunua, vingine vimeletwa na dada yake kutoka Texas. Ryzen 7 7800X3D. RTX 4070. RAM ya DDR5 GB 32. Nilipiga hesabu kichwani nikafika 280,000 nikaacha. Kila nilipogusa kipuri nilipangusa vidole kwenye suruali. Tulipoiwasha, gemu likahesabu fremu 140 na kitu, lakini picha ikaenda kama ya runinga yoyote. Nikasoma nyuma ya monita: hertz 60. Ilikuwa inaonyesha picha 60 kila sekunde, na zile nyingine zilikuwa zinachorwa na kutupwa. Nikamweleza polepole, nikiogopa uso wake utabadilika.

"Ah," akasema. "Basi tutanunua nyingine." Kisha akaniuliza kama natumia sukari.

Niliondoka Buruburu kwa miguu hadi steji nikiwa na hasira nisiyojua ni ya nani. Bwana yule hakunikosea. Alinilipa vizuri na chai ilikuwa ya maziwa. Lakini nilikuwa nimeona kosa la makumi ya maelfu likimezwa pamoja na kipande cha keki, nami kosa la 4,700 lilinigharimu rafiki wa miaka 15. Ndani ya matatu nikaona kwamba miaka yote hiyo nilikuwa naisoma bajeti vibaya. Nilidhani inapima vipuri utakavyopata. Kumbe inapima makosa unayoruhusiwa kufanya. Wa Buruburu anaruhusiwa kukosea hadi apatie. Binamu yangu, mara moja kwa mwezi.

Nalijua hilo kwetu pia. Mamangu alikuwa na pesa ya kozi moja. Tuliichagua kwa jina, kwa sababu lilisikika kama kazi, na mwaka wa tatu nilipokiri kwamba si yangu, na karo nayo imekatika, hapakuwa na mtu wa kusema basi tutanunua nyingine. Hajawahi kunilaumu. Akinipigia simu huuliza tu kama nimekula.

*

Kwa hiyo ile 35,000 niliipigia hesabu wiki nzima, kwa daftari na kalamu. Kwa pesa hiyo huchagui vipuri kimoja kimoja. Unatafuta mashine ya ofisi, zile tunazoziita ex-UK hata kama zimetoka Ujerumani. Kampuni huko nje hubadilisha kompyuta baada ya miaka michache, nzima nzima, nazo husafiri kwa kontena hadi Mombasa na kuishia Luthuli Avenue na Moi Avenue zimepangwa kama matofali. Zilitengenezwa zifanye kazi mchana kutwa miaka mitano bila mtu kuzifikiria. Kwa mtu asiyeruhusiwa kukosea, hiyo ni sifa kuliko taa.

Kabla ya kwenda mjini nilishuka nikamwambia Mama Kevo jambo moja, nisije nikaulizwa tena si ulisema. Nilimwambia mashine nitakayomnunulia ni ya prosesa ya mwaka 2013. Windows 11 haiitambui rasmi. Itatumia Windows 10, ambayo wenyewe wametangaza wataacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Haitazimika siku hiyo, lakini haitapokea tena marekebisho ya usalama, na gemu mpya zitaanza kuikataa moja baada ya nyingine. "Una mwaka mmoja mzuri," nilimwambia. "Baada ya hapo sikuahidi."

Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Oktoba mwaka ujao Kevo atakuwa anangoja KCSE," akasema. "Mwaka mmoja ndio ninaoutaka."

Jumamosi tukapanda matatu, mimi na Kevo, tukashuka Ronald Ngala. Njia nzima hakusema neno. Tulipoingia Luthuli ndipo alipofungua mdomo.

"Bro, hizi thao thati-faivu, itatoboa GTA?"

GTA V ilitoka kwa kompyuta Aprili 2015. Waliolitengeneza walipendekeza prosesa ya i5-3470, RAM ya GB 8 na kadi ya GTX 660. Tulikuwa tunatafuta i5-4570, kizazi kimoja mbele, na GTX 1050 Ti, ambayo inaipita 660. Nikamwambia itatoboa. Na soka? eFootball ni ya bure, nayo itatoboa. Akaanza kutembea kwa kasi kuliko mimi.

Mwuzaji wa kwanza alitutolea ile ndogo, nyembamba, inayolala kama kitabu, bei nafuu kwa elfu mbili. "Kadi mtaongeza baadaye," akasema. Nikamwonyesha Kevo kwa nini sivyo. Kasha nyembamba hukubali kadi fupi za aina yake tu, nazo ni adimu na ghali. Tukachukua mnara, HP EliteDesk 800 G1, RAM ya GB 8 kwa vijiti viwili vya nne, 13,000. Pawa saplai yake ni ya wati 320, na haibadilishwi ovyo, kwa kuwa plagi yake kuu ni ya pini sita za HP wenyewe badala ya 24 za kawaida. Watu huuona huo kuwa ubaya. Mimi niliinyanyua mashine, nikasikia uzito wake mkononi, nikashukuru. Lakini ndiyo iliyoamua kadi. Haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa, kwa hiyo kadi lazima iishi kwa umeme wa tundu lake tu, yaani wati 75. 1050 Ti ni wati 75. RX 580 ya kinyozi isingeingia hapa hata kwa kuombewa.

Kadi ndiyo ilitaka kutuponza. Duka la tatu tuliletewa 1050 Ti inayong'aa, ndani ya boksi, kwa 8,000. Kwingine zilikuwa 11,000. Kevo alishika mkono wangu.

"Hiyo thao tatu tunachukua hedifoni."

Nikaigeuza. Nyuma yake, kando ya HDMI, palikuwa na tundu la VGA, lile la buluu la pini 15. Nikaomba tuondoke. Nje, nikamweleza: kadi za kizazi cha 1050 Ti hazina tundu hilo, NVIDIA waliacha kutoa picha kwa njia hiyo. Kuna watu huchukua kadi za zamani, za miaka ya 2010 na 2011, wakazibadilisha programu yake ya ndani ili ijitaje 1050 Ti. Windows itaamini. Gemu halitaamini.

"Kwa hivyo ni feki?"

"Ni kadi ya kweli. Imesema uongo jina."

Alinyamaza. Najua alikuwa bado anaiona hedifoni. Mimi pia, kwa mwaka mmoja na nusu, nilikuwa bado naona taa za zambarau.

Tukaipata nyingine ya 11,000, kuukuu, ina vumbi, haina boksi. Nikaomba ichomekwe kwenye mashine yetu hapo hapo. Mwuzaji alitaka kutuonyesha kwamba Windows inawaka, kama wanavyofanya wote. Nikatoa flashi yangu, nikaendesha programu ya GPU-Z inayosoma kadi yenyewe na si jina lake, kisha nikaipa kazi nzito dakika 20 nikiwa nimeweka kiganja juu ya kasha. Mwuzaji akaniuliza kama mimi ni daktari. Feni ilipanda, joto likapanda, likafika mahali likatulia. Tukalipa.

Hesabu ya mwisho niliiandika Kevo akiona, ili aipeleke kwa mamake. Mashine, 13,000. Kadi, 11,000. Monita ya inchi 22, iliyotumika, 6,000. SSD ya GB 256, 2,800. Kibodi na kipanya, 1,000. Kidude cha ukutani cha kulinda runinga, kile tunachokiita TV guard, 700. Nauli za watu wawili kwenda na kurudi, 320. Jumla 34,820. Kevo akasema hizo 180 tunywe chai. Nikamwambia ni za mamake.

*

Tuliifunga usiku huo kwenye kona ya chumba chao, kati ya kabati la vyombo na pazia la kitanda. Gemu lilikuwa kwenye diski ya kuazima, na sikuuliza limetoka wapi. Mama Kevo aliketi kwenye stuli mlangoni, mikono kwenye mapaja, akitazama waya. Hakutazama skrini hata mara moja.

"Itakula stima ngapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia ikiwa kazini hula kama wati 150. Saa nne za gemu ni sehemu sita za kumi za uniti moja, sawasawa na kupiga pasi dakika 35 hivi.

Akawaza. "Basi atapunguza kupiga pasi."

Kevo alibonyeza. Gari likatokea, bahari, minazi ya Los Santos, na akapiga ukelele ambao nina hakika ulifika orofa ya nne. Wavulana wawili wa ploti wakaingia bila kubisha na kusimama nyuma yake. Fremu zilikuwa 60, zikishuka hadi 50 na kitu kwenye barabara zenye magari mengi, na hakuna aliyeziona ila mimi. Nikaanza kukusanya bisibisi zangu.

Ndipo stima ikapotea.

Mtaa mzima ukasema "Aaah!" kwa pamoja, kama tunavyosema siku zote. Ndani ya kile chumba hakuna aliyesema kitu. Kwetu giza si tatizo, tumelizoea. Tatizo ni kurudi, kwa sababu umeme ukirudi huweza kurudi kwa kishindo, na hapo ndipo runinga za watu hufa, na friji, na redio. Nilisikia Mama Kevo akipumua karibu na mlango. Nikahesabu moyoni kila kitu nilichokigusa siku hiyo. Nikakumbuka mlio wa njugu.

Baada ya dakika kumi hivi, taa za barabara zikawaka, watoto wakashangilia chini, balbu ikawaka juu yetu. Kompyuta haikuwaka. Kevo alinigeukia, na ule uso nilikuwa nimewahi kuusikia kwa simu.

"Ngoja," nikasema. Nikamwonyesha ukutani. Taa ya kidude ilikuwa ya manjano. Kile kidude huushika umeme kwanza, hukaa nao kama nusu dakika kikiupima kama umetulia, ndipo kinaupitisha. Tukakitazama wote, watu watano, hadi Mama Kevo akainuka kutoka kwenye stuli. Sijawahi kuona nusu dakika ndefu kama ile. Ikageuka kijani. Kevo akabonyeza. Kwanza hakuna kitu, kisha feni ikazunguka, kisha nembo ya HP.

Wavulana wakaanza tena kelele, kila mmoja anataka kushika kibodi. Mama Kevo hakushangilia. Alisimama kidogo akiwasikiliza, akihesabu sauti nadhani, kisha akaenda akafunga mlango kwa komeo, ile ya juu na ile ya chini, saa tatu na nusu usiku. Akarudi kwenye stuli yake.

Ikabidi nimwombe anifungulie.